Tulum Kutoka Upande wa Bahari: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya magofu ya Tulum, mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ulioko kwenye pwani ya Karibi nchini Mexico, na chini yake tukaweka maelezo ya mstari mmoja: "Bandari ya mji uliopotea." Mstari huo umetuletea barua nyingi kuliko makala yoyote ya toleo lile, na si zote zilizotusifu. Tumechagua barua tatu na kuzifupisha kidogo. Anayezijibu ni mwandishi wetu wa safari, ambaye amefika Tulum mara mbili.

Bandari gani isiyo na gati?

*Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kabla ya kushika chaki nilikulia kwenye mashua ya marehemu baba yangu. Nimeitazama picha yenu kwa muda mrefu. Naona jengo juu ya genge, naona mawimbi chini yake, lakini sioni gati, sioni hori, wala sioni pa kutia nanga. Ni bandari gani hiyo? Na kama kweli ilikuwa bandari, ilipitisha bidhaa gani, na mgeni anayefika leo ataona nini cha kumthibitishia? – Msomaji, Tanga*

Shikamoo, Mwalimu. Umeuliza swali ambalo mimi sikuliuliza nilipofika mara ya kwanza, kwa sababu nilifanya kama wafanyavyo wageni wengi: niliipa bahari mgongo nikapigwa picha, kisha nikaondoka nikidhani nimeuona mji. Nilipopitia picha hizo nyumbani ndipo nilipogundua kwamba katika kila moja kichwa changu kimeziba kile kitu hasa kilichoufanya mji ule ujengwe mahali pale.

Ukifika, simama kando ya jengo kubwa ambalo Wahispania waliliita Castillo, yaani ngome, ingawa kwa kweli lilikuwa hekalu. Peleka macho mbali kidogo na ufukwe, mahali maji yanapobadilika rangi kutoka kijani kibichi kuwa buluu nzito. Utaona mstari wa povu unaokwenda kaskazini na kusini hadi macho yachoke. Huo ni mwamba wa matumbawe, kipande cha mwamba wenye urefu wa takriban kilomita 1,000 unaoanzia ncha ya rasi ya Yucatán na kushuka hadi Honduras, ambao ni wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Australia. Endelea kuutazama bila haraka, nawe utaona mahali ambapo povu linakatika. Hapo ndipo mlango ulipo, na mji mzima umejengwa ukiukabili.

Sasa shusha macho chini ya genge, kati ya Castillo na hekalu dogo lililoko upande wa kaskazini. Utaona ghuba finyu yenye mchanga mweupe, ambayo upana wake hautoshi hata kugeuza jahazi. Kwa vyombo vya Wamaya ilitosha. Wao hawakuwa na mashua za mbao zilizopigwa misumari. Walitumia mitumbwi iliyochongwa kwenye gogo moja, na mtumbwi hauhitaji gati, huvutwa mchangani. Jambo jingine ambalo mtu wa Tanga atalitambua haraka kuliko mtalii wa Ulaya ni kwamba pale maji hayapwi wala kujaa kama kwetu. Tofauti ya maji kupwa na kujaa kwenye pwani ile ni ndogo mno, pengine urefu wa shubiri moja na ushei, kwa hiyo hakuna kungoja bamvua na hakuna kupwelewa. Hofu yote ya nahodha ilikuwa kwenye mwamba.

Hapo ndipo inapoingia habari ya madirisha. Castillo ina urefu wa mita 7.5 tu, na wanaotoka kuyaona mapiramidi makubwa ya bara huiona kuwa fupi. Lakini genge linalolibeba lina urefu wa takriban mita 12, hivyo jengo huonekana baharini kutoka mbali. Ukuta wake wa nyuma, unaoelekea baharini, una vidirisha viwili vidogo. Katika miaka ya 1980 lilifanywa jaribio la kuwasha taa ndani ya vidirisha hivyo usiku, na ikaonekana kwamba aliye baharini akiiona mianga yote miwili kwa pamoja, basi yuko mkabala na mlango wa mwamba. Jaribio hilo halithibitishi kwamba Wamaya walifanya vivyo hivyo. Hata hivyo, mimi niliyesikia wavuvi wa kwetu wakisimulia jinsi wanavyolinganisha mnazi na mnara wa msikiti ili wapate njia, sioni ugumu wa kuliamini.

Kuhusu ukubwa wa vyombo, tunao ushahidi wa mtu aliyeviona. Mwaka 1502, katika safari yake ya nne, Christopher Columbus alikutana na mtumbwi wa biashara karibu na kisiwa cha Guanaja, upande wa Honduras. Mwanawe Ferdinand, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 13 na alikuwemo safarini, aliandika baadaye kwamba mtumbwi ule ulikuwa mrefu kama merikebu ya makasia, upana wake ulikuwa futi nane, nao ulikuwa na banda la majani ya mtende katikati ambamo wanawake na watoto walikaa bila kulowana, huku makasia yakivutwa na wanaume wapatao 25. Shehena ilikuwa nguo za pamba zilizotiwa rangi, shoka na njuga za shaba, panga za mbao zilizopachikwa vipande vikali vya mawe pembeni, na mbegu za kakao. Kijana yule alishangazwa zaidi na kakao. Ilipodondoka mbegu moja, wote waliinama kuitafuta kana kwamba jicho la mtu limeanguka. Hakujua kwamba alikuwa anatazama watu wakiokota fedha, maana mbegu ya kakao ndiyo iliyokuwa sarafu ya nchi zile.

Mitumbwi ya namna hiyo ilizunguka rasi yote ya Yucatán, kuanzia masoko ya Xicalango upande wa Ghuba ya Mexico hadi Nito na Naco upande wa Honduras, na Tulum ilikuwa mojawapo ya vituo vya njiani, hasa kati ya karne ya 13 na ujio wa Wahispania. Chumvi ilitoka pwani ya kaskazini. Asali na nta zilitoka bara, zikirinwa kutoka kwa nyuki wadogo wasiouma. Palipita pia manyoya ya ndege, shaba, na mawe ya thamani ya kijani ambayo wakuu waliyathamini kuliko dhahabu. Usisahau kwamba watu wale hawakuwa na punda, ng'ombe wala gari la magurudumu. Kilichokwenda kwa nchi kavu kilibebwa na wapagazi, kila mmoja na mzigo wa takriban kilo 23 mgongoni, ulioning'inizwa kwa ukanda uliopitishwa kwenye paji la uso, kama ambavyo baadhi ya kina mama wa nyanda za juu za Kenya hubeba kuni. Mtumbwi mmoja uliwapumzisha wapagazi wengi.

Bidhaa iliyoacha ushahidi mzuri kuliko zote ni obsidiani, yaani kioo cheusi kinachotokana na volkano, ambacho kikipasuliwa kwa ustadi hutoa nyembe kali ajabu. Kila mlima wa volkano huacha alama yake ya kikemia ndani ya kioo hicho, kwa hiyo mtaalamu akiokota wembe mmoja uliovunjika anaweza kuutaja mlima ulikotoka. Obsidiani iliyookotwa Tulum ilitoka Ixtepeque nchini Guatemala, karibu kilomita 700 kutoka hapo hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Yucatán yenyewe ni uwanda wa mawe ya chokaa usio na volkano hata moja, kwa hiyo mkulima aliyenyolewa kwa wembe ule alikuwa ananyolewa kwa bidhaa ya kutoka nje.

Tena wafanyabiashara hao walikuwa na mungu wao, Ek Chuah, aliyechorwa na mwili mweusi na mzigo mgongoni. Padri Diego de Landa, yuleyule aliyechoma vitabu vya Wamaya huko Maní mwaka 1562 na baadaye akakaa kuandika habari zao, anaeleza kwamba msafiri alipofika mahali pa kulala alisimamisha mawe matatu madogo, akaweka juu yake punje za ubani, akamwomba Ek Chuah amrudishe kwake salama. Nilipolisoma hilo niliyaona mafiga.

Umeuliza mgeni ataona nini. Niseme kweli, Mwalimu: soko hutaliona, wala ghala. Bidhaa zimekwisha, nguo zimeoza, na nyumba za watu wa kawaida zilikuwa za miti na makuti. Utaona barabara iliyonyooka kutoka kaskazini hadi kusini yenye majengo ya mawe pande zote mbili, na utaona Nyumba ya Nguzo, ambayo paa lake lilikuwa bapa, la boriti zilizofunikwa kwa mawe na chokaa. Boriti zimekwisha na nguzo zimebaki zikiwa zimesimama peke yake. Aliyewahi kuzuru Gede au Kilwa Kisiwani hatahitaji kuelezwa ujenzi huo. Halafu utauona ule mlango kwenye mwamba, ambao haukuoza wala haukuibwa.

Siku moja, na mama mzee

*Mpendwa Mhariri. Ninaishi Toronto, na mama yangu mwenye umri wa miaka 71 atakuja kunitembelea kutoka Mombasa. Tunataka kwenda Cancún pamoja na kuitenga siku moja kwa ajili ya Tulum. Mama anatembea vizuri lakini jua humchosha. Twende lini, saa ngapi, na tusikose kuona nini? – Msomaji, Toronto*

Dada yangu, tuanze na karatasi, kwa kuwa hazina huruma. Mexico humruhusu mgeni mwenye visa hai ya Kanada, Marekani, Uingereza, Japani au nchi za Schengen kuingia kwa matembezi bila kuomba visa nyingine, hivyo visa ya Kanada ya mama huenda ikatosha. Hata hivyo, mambo haya hubadilishwa, basi mwulize mapema katika Ubalozi wa Mexico ulioko Nairobi. Kata tiketi ya ndege isiyopitia Marekani, kwa sababu nchi hiyo humdai visa hata anayebadilisha ndege tu.

Msimu mzuri ni kati ya Desemba na Machi, wakati mvua ni chache na joto linavumilika. Vimbunga vina msimu wao, Juni hadi Novemba. Tangu mwaka 2011 pwani ile pia imekuwa ikivamiwa na mwani wa kahawia unaoitwa sagasamu, hasa kuanzia Aprili hadi Agosti, nao ukirundikana ufukweni na kuoza hutoa harufu ambayo haimo kwenye picha za matangazo.

Kuhusu saa, sitaki kuzungukazunguka: muwe langoni saa 2 asubuhi, linapofunguliwa. Kutoka Cancún ni takriban kilomita 130, kwa hiyo ni vyema mkalale Tulum au Playa del Carmen usiku wa kuamkia siku hiyo. Mabasi ya watalii humwaga watu kuanzia katikati ya asubuhi, na ndani ya kuta miti ya kivuli ni ya kuhesabu. Mara yangu ya kwanza niliingia saa 6 mchana nikiwa na chupa moja ndogo ya maji. Nilimaliza ziara yangu nimeketi chini ya mti pamoja na iguana mmoja, mjusi mkubwa ambaye mtu wa kwetu angemdhania kenge, na kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa ametulia kuliko mimi. Mama asiwaogope, wamejaa kila mahali juu ya mawe, chakula chao kikubwa ni majani, na hawamsumbui asiyewasumbua.

Mwendo kutoka maegesho hadi langoni ni mrefu kuliko unavyoelezwa na wauza tiketi, basi mama avae viatu vya kutembelea na kofia pana, na mbebe maji ya kutosha. Mtalipa ada zaidi ya moja, kwa kuwa magofu yako chini ya taasisi ya taifa ya mambo ya kale, INAH, ilhali ardhi inayoyazunguka sasa ni Hifadhi ya Jaguar yenye kiingilio chake. Muwe na peso za taslimu. Wako vijana huko nje wanaovaa beji na kuuza "tiketi rasmi" kando ya barabara. Wapiteni kwa salamu tu, mkalipe dirishani.

Ndani, hakuna anayeruhusiwa kupanda majengo, kwa hiyo mama hatakosa kitu kwa kubaki chini. Mpelekeni kwanza kwenye ghuba wakati bado kuna utulivu. Kisha Hekalu la Michoro, ambalo kuta zake za ndani zina michoro ya miungu. Mtaichungulia kwa mbali kupitia kati ya nguzo, na kwenye pembe za nje mtaona sura kubwa za chokaa zinazotazama pande mbili kwa wakati mmoja. Mwisho, tafuteni Hekalu la Mungu Anayeshuka. Ni dogo, kuta zake zimeinama kama za nyumba iliyotitia upande mmoja, nazo zilijengwa hivyo kwa makusudi. Juu ya mlango wake pana sanamu ya mtu aliyepinduka, miguu juu na kichwa chini, kama anayepiga mbizi. Wapo wataalamu wanaomhusisha na nyota ya Zuhura, na wapo wanaomhusisha na nyuki. Mimi nawaunga mkono wa nyuki, na sababu yangu si ya kitaalamu: mji uliouza asali ungekosaje kumshukuru mdudu?

Ikiwa mtapata siku ya pili, msirudi Tulum. Nendeni Muyil, kiasi cha kilomita 20 kusini, ndani ya eneo la hifadhi ya Sian Ka'an lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Watu ni wachache, kivuli ni kizito, na kuna mfereji uliochimbwa na Wamaya ili mitumbwi ipite kutoka kwenye ziwa moja hadi jingine kuelekea baharini. Wageni huvaa jaketi la kuokolea wakaachia maji yawachukue polepole, na ukingoni mwa mfereji kuna kijengo kidogo cha mawe kinachodhaniwa kuwa kilikuwa kituo cha wafanyabiashara. Kwa maoni yangu, nusu saa ndani ya mfereji ule inaifafanua biashara ya Wamaya kuliko vibao vyote vya maelezo vya Tulum. Mama anaweza kuufurahia akiwa ndani ya boti.

Nani aliyeupoteza?

*Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mmeandika "mji uliopotea". Naomba kuuliza: uliopotea kwa nani? Na ule ukuta mnene unaoonekana nyuma, walikuwa wanamwogopa nani? – Msomaji, Kigoma*

Kijana wangu, maelezo yale ya picha niliyaandika mimi, nikiwa na haraka, na umenikamata.

Nianze na ukuta, kwani hata jina la sasa limetokana nao: Tulum kwa Kimaya ni ukuta au boma. Nyaraka za kale za Wahispania huutaja mji kwa jina la Zama, ambalo huhusishwa na alfajiri, na ndivyo inavyostahili mahali panapotazama mashariki. Ukuta unazunguka pande tatu, na upande wa nne ni genge na bahari. Upande mrefu, ulio sambamba na pwani, una takriban mita 400. Kimo ni kati ya mita 3 na 5, na mahali pengine unene unafika mita 8. Malango ni matano tu, membamba, ya kupita mtu mmoja mmoja. Inaaminika kwamba watu wengi waliishi nje, na ndani yalikuwepo mahekalu na makazi ya wakubwa. Kwa hiyo ukuta ungeweza kuwa wa vita, na ungeweza pia kuwa wa kuwatenga watu kwa madaraja yao. Mimi huongeza wazo langu: ile ghuba ya mitumbwi iko ndani ya ukuta, na kila mzigo ulioshushwa hapo ili uende bara ulilazimika kupita kwenye mojawapo ya malango matano, begani mwa mtu mmoja baada ya mwingine. Mtoza ushuru gani asingelipenda hilo?

Kuhusu kupotea, tarehe zinatosha. Mwaka 1518 merikebu za Juan de Grijalva zilipita pwani hiyo, na padri aliyekuwa nazo, Juan Díaz, aliandika kwamba waliuona mji ambao hata Seville, mji mkubwa wa Hispania, usingeonekana mkubwa kuliko huo. Wengi huamini alikuwa anaizungumzia Tulum, na kama ndivyo, bahari ilimdanganya macho, maana wataalamu wa leo hukadiria kwamba mji ulikuwa na watu kati ya 1,000 na 1,600. Magonjwa yaliyoletwa na wageni yaliua watu wengi, biashara ya mitumbwi ikakatika, na kufikia mwisho wa karne ya 16 mji ulikuwa umehamwa. Mwaka 1842 walifika John Lloyd Stephens na mchoraji Frederick Catherwood, wakakata miti iliyofunika majengo na kuyachora, na tangu hapo Ulaya na Marekani zikaanza kusema mji umegunduliwa.

Wenyewe hawakuwa wameusahau. Mwaka 1847 Wamaya wa Yucatán waliinuka katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka hamsini, ambavyo tangu mwaka 1850 viliongozwa na imani ya Msalaba Unaosema, msalaba walioamini kwamba Mungu husema kupitia kwake, na katika vita hivyo Tulum ikageuka tena mahali patakatifu. Miaka ya 1870 mwenye mamlaka ya ibada hapo alikuwa mwanamke, María Uicab, aliyeitwa malkia wa Tulum. Kwa hiyo miaka thelathini hivi baada ya kile kinachoitwa ugunduzi, mji huo huo ulikuwa na malkia wake.

Na leo? Sensa ya Mexico ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu 770,000 wanaozungumza Kimaya cha Yucatán. Ukifika utawakuta kwenye vibasi vinavyotoka Playa del Carmen, kwenye vibanda vya matunda, na miongoni mwa wafanyakazi wanaofagia njia za magofu alfajiri. Mara yangu ya pili mzee mmoja aliyekuwa akichambua majani kando ya ukuta alinifundisha maneno mawili. Salamu yao ni *ba'ax ka wa'alik*, ambayo tafsiri yake neno kwa neno ni "unasemaje?" Nilicheka, nikamwambia kwamba kwetu nasi twauliza hivyo hivyo. Shukrani ni *dios bo'otik*, yaani "Mungu akulipe". Nikacheka tena, naye akaniuliza kwa Kihispania kwani wazee wa kwetu husemaje. Nikamwambia. Alilirudia neno "akulipe" mara tatu hadi akalitamka sawasawa, kisha akaokota ufagio wake.